Mkutano wa mawakili bila mgeni rasmi

Tangu tumalize ule mkutano wetu wa mawakili wenye ofisi ndogo hapa Kigoma watu hawaniulizi tumejifunza nini, wananiuliza kwa nini hakukuwa na mgeni rasmi, tena kwa sauti ile ya mtu aliyesikia kuna harusi imefungwa bila bwana harusi. Sasa acha niandike hapa yaishe maana nimechoka kueleza kwenye simu, na hapo hapo niseme kazi yenyewe ya kuandaa ilivyokuwa, kwa sababu najua kuna wenzetu Tabora na Mpanda wanataka kufanya kitu kama hiki.

Kwanza tuelewane, nikisema ofisi ndogo namaanisha ndogo kweli. Wakili mmoja, karani mmoja ambaye ndo huyo huyo anapokea wageni na ndo huyo huyo anapanda bodaboda kupeleka nyaraka mahakamani, printa moja yenye hasira, na mhuri. Miezi ikiwa mibaya mhuri ndio unalipa pango, watu wanakuja kuapa viapo vya majina na vya kuzaliwa, unagonga, unapata hela ya luku. Ya kwangu ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanga, Kigoma, na mteja akiwa anaeleza matatizo ya mirathi chini wanapakua mabati.

Roli ya mawakili nchini, yaani daftari la majina ya waliosajiliwa, imeshapita elfu kumi, na ukitoka nje ya Dar na miji ile mikubwa sehemu kubwa utakaowakuta ni sisi wa aina hii. Lakini nenda kwenye mafunzo makubwa uone mada. Usuluhishi wa kimataifa, kampuni kununua kampuni, mikataba ya gesi. Siyo mbaya, mi nimekaa nimesikiliza na nimeandika, alafu nikarudi Kigoma nikamkuta mzee wa Buhigwe ananisubiri kwenye ngazi na mgogoro wa shamba la kahawa, ada yake atalipa akishauza msimu. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele akanifundisha nimtoze huyo mzee shilingi ngapi na niandike wapi.

Basi wazo likazaliwa mahakamani, tumekaa tunasubiri kesi zetu ziitwe na hakimu kasafiri, kaka mmoja wa Kasulu akasema hivi kwa nini tusifanye mkutano wetu wenyewe wa kuongelea ofisi tu, sheria tuiache nyumbani siku mbili. Kila mtu akasema wazo zuri wakili msomi, ukisikia hivyo ujue anatafutwa wa kulifanya. Nikanyoosha mkono. Wakajitokeza na wengine, grupu la WhatsApp likafunguliwa siku hiyo hiyo na jioni lilikuwa na watu wengi kuliko tulioongea nao, wengine mpaka leo sijui aliwaingiza nani.

Kujitolea ukiwa na ofisi ya mtu mmoja watu hawaelewi ni kitu gani. Aliyeajiriwa akienda kwenye kikao cha maandalizi mshahara unaendelea kutembea. Mimi nikienda kuangalia ukumbi ofisi imefungwa, karani yupo lakini karani hawezi kuapisha mtu wala kutoa ushauri, na mteja akikuta umetoka mara mbili anavuka barabara anaenda kwa mwenzako. Kwa hiyo kabla hujagawa kazi uliza kila mjumbe siku zake za mahakamani ni zipi na mteja wake mkubwa ni nani, mpe kazi inayoingia kwenye mapengo yake. Dada mmoja ananyonyesha, yeye alikuwa anafanya kazi zote za kuandika kuanzia saa nne usiku na ndiye aliyekuwa wa uhakika kuliko wanaume wote wa kamati, nasema hivi wakiwa wanasoma.

Tarehe ndio ilitumaliza. Januari hapana, Mahakama Kuu ipo likizo mpaka tarehe 31, watu wako kwao, na waliobaki wamelipia leseni na ada za shule hawana hata mia. Februari mwanzoni ni Siku ya Sheria. Mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba usimguse mtu yeyote mwenye ofisi, ni awamu za kodi ya mapato. Mahakama ya Rufani ikija kukaa kikao mkoani hao wenye rufaa ndio basi tena huwaoni. Ukishapata wiki sasa tafuta siku: Ijumaa mchana kuna swala na sisi tuna wenzetu wengi wa Ujiji, Jumamosi kuna Wasabato ambao Kasulu na huku wamejaa, Jumapili ibada. Tukaangukia Alhamisi nzima na Ijumaa mpaka saa sita kasoro, kila mtu akaombwa apange tarehe za kesi zake mapema, na kwa kweli wengi walipanga.

Haya, mgeni rasmi. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati jina la mgeni rasmi lilitajwa kabla hata hatujajua mkutano unahusu nini. Mimi nikasema simtaki. Siyo dharau jamani. Ukiwa na mgeni rasmi unakuwa na ratiba mbili, ya kwako na ya kwake, na ya kwake ndo inashinda. Anatakiwa saa tatu anafika saa tano kwa sababu naye kaitwa kwingine, mnakaa mnaangaliana, akifika watu wanasimama, utambulisho unaanza mezani kuu unashuka mpaka safu ya mwisho, risala, hotuba, picha ya pamoja ya makundi saba, alafu chai, na hapo ni saa saba na mtu katoka Kibondo alfajiri hajasikia kitu hata kimoja cha kumsaidia. Kuna kingine zaidi ya muda. Sisi tulitaka watu waongee hela, nani anatoza nini, nani hajalipa pango, na hakuna mwanasheria atakayesema hajalipa pango mbele ya kiongozi wa serikali na mbele ya kamera.

Mzee mmoja kwenye kamati, wakili wa siku nyingi, wa zamani zile Kigoma haina Mahakama Kuu yake na rufaa ikabidi uifuate Tabora kwa treni, alinipinga sana. Alisema binti yangu mkutano bila mgeni rasmi watu watasema ni kikao cha ukoo. Nikamwambia shikamoo mzee, ndicho ninachokitaka, cha ukoo. Akacheka lakini hakukubali, tukapiga kura, nikashinda kwa kura moja na huyo mzee ndo akawa wa kwanza kulipa ada ya ushiriki. Asubuhi ya Alhamisi alisimama akafungua kwa dakika kama tatu hivi, akasema itifaki imezingatiwa kwa sababu haipo, watu wakavunjika mbavu, tukaanza.

Hela. Mawakili ndio watu wagumu kulipa kuliko binadamu wote na nasema kama mmoja wao. Hawa wanaoandikia wenzao notisi za madai kila wiki, ukiwaomba ada ya kushiriki wanakuambia nitatuma jioni, jioni ya lini haisemwi. Maswali yao ni mawili, kuna pointi za mafunzo endelevu (zile wakili anazotakiwa kukusanya)? na posho ipo? Posho haikuwepo na tuliandika hivyo kwenye tangazo la kwanza kabisa kwa herufi kubwa. Ushauri wangu fanya hivyo hivyo, ukiacha bila kusema watu watakuja na matumaini na watakuchukia mlangoni. Mweka hazina wetu alipoona siku zinaisha akaandika notisi ya madai ya kweli kweli, na kichwa cha habari, na aya zenye namba, na “bila kuathiri haki”, akaituma kwenye grupu kwa wote wasiolipa bila kutaja jina. Hela ikaingia usiku ule ule.

Jambo la maana hapo ni kwamba hela haikupita kwenye simu ya mtu binafsi. Tulifungua lipa namba, na kila jioni mweka hazina anabandika kwenye grupu kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni soda. Watu wanaona inachosha lakini fitina haikupata pa kuanzia. Mi nimeshaona michango ya msiba ikivunja urafiki wa miaka kwa sababu tu hakuna aliyeandika.

Wadhamini tulitafuta. Hapo mawakili tuna mtihani wetu, kanuni za maadili za 2018 zinabana kujitangaza, kwa hiyo mdhamini akisema nitawawekea bango barabarani lenye sura zenu na namba zenu za simu ofisi kwa ofisi, unamshukuru unaondoka. Duka moja la karatasi na wino lilitupa madaftari bila masharti, Mungu awabariki. Taasisi nyingine ya fedha, siitaji, ilikuwa tayari kulipia chakula chote kwa siku zote mbili, alafu mwisho wa mazungumzo wakasema watahitaji orodha ya washiriki na namba zao ili wawapigie baadaye. Nikamwangalia yule kijana waliyemtuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na unaomba chumba kizima cha mawakili wagawe namba za wenzao bila ridhaa kwa ajili ya wali na kuku? Tukasema weka meza yako nje ya ukumbi, anayetaka mkopo atakuja mwenyewe aache namba. Hawakurudi. Chakula tukalipa wenyewe, migebuka, ugali wa muhogo, wali kwa wanaotaka, maharage ya mawese, na ilikuwa rahisi kuliko kuku wa hotelini, na wageni wa Tabora walikula migebuka utadhani wametumwa.

Ukumbi tuliolipia kianzio ulikutwa umepewa na kichen pati siku hiyo hiyo. Risiti tunayo, mkataba tunao, mawakili tupo ukumbi mzima, lakini hakuna muda wa kushtaki mtu mkutano ukiwa kesho kutwa. Tukahamia ukumbi wa taasisi moja ya dini kule juu, viti vya plastiki, upepo wa ziwa unaingia madirishani unapeperusha karatasi, na kwa maoni yangu ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza kwa sababu viti vya plastiki vinahamishika, tulikaa duara.

Sasa kiini. Kipindi cha kwanza hakikuwa na mtoa mada. Kila aliyeingia alipewa karatasi bila jina ajaze: pango kwa mwezi, mshahara wa karani, ada unayotoza kwa kesi ya kawaida ya kiwanja kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ada ya kufungua mirathi, na wateja wangapi mwaka huu wana deni lako ambalo umeshakata tamaa nalo. Karatasi kwenye boksi, zikasomwa moja moja, kijana anaandika ubaoni. Aisee. Kelele zilianza karatasi ya tano. Watu wawili wa mji huu huu, kesi ile ile, mmoja anatoza karibu mara nne ya mwenzake, na anayetoza kidogo alikuwa anajiona yuko sawa na soko. Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 ipo, viwango vipo, kila mtu anavijua akiwa anadai gharama za kesi mahakamani dhidi ya mpinzani, lakini mteja wake mwenyewe akikaa kwenye kiti anamwambia “lete chochote tuanze”. Neno hilo “tuanze” limefilisi watu wengi. Na wengi tu hawakuwa na makubaliano ya ada ya maandishi na wateja wao, yaani sisi tunaowaambia wananchi kila siku andikianeni.

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Wengine wakasema mkulima wa Kasulu huwezi kumtoza kama kampuni, kweli. Dada mmoja wa Kibondo akasema yeye anagawa ada kwa hatua, kufungua kesi hela yake, ushahidi hela yake, hukumu hela yake, na kila hatua ina mwezi wake unaofuata mavuno, imeandikwa, mteja kaweka dole gumba. Nimemwiga tangu wiki iliyofuata na inafanya kazi, ingawa wateja wa zamani wananuna.

Mhasibu tulimpa saa moja akachukua mbili na hakuna aliyemzuia. Wengi wetu tulikuwa tunaamini VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni ya wale wakubwa waliofikisha kiwango cha mauzo, milioni 200. Sheria ya VAT ya 2014 inamtaka mtoa huduma za kitaalamu ajisajili hata kama kiwango hajakifikia, na wakili yumo. Akachora ubaoni. Umekubaliana na kampuni 500,000, juu yake VAT ya asilimia 18 ni 90,000, ankara inasoma 590,000. Wao wanazuia asilimia 5 ya ile 500,000, ndiyo kodi ya zuio, yaani 25,000, wanaipeleka TRA kwa jina lako, kwako inaingia 565,000 na humo 90,000 siyo yako. Inayobaki mkononi ni 475,000 kabla hujalipa karani wala pango. Na ile 25,000 ukidai cheti chake utaikata kwenye kodi yako ya mapato, usipodai cheti umeisamehe. Kaka mmoja aliyekuwa anafanya kazi na mashirika yanayohudumia wakimbizi alikaa kimya akihesabu kwenye simu, vyeti vya miaka hakuwahi kuomba hata kimoja. Nisingependa kuwa mke wake jioni ile.

Mfumo wa mahakama wa kufungulia kesi kwa kompyuta tuliupitia haraka, vijana wanaujua wazee wana vijana wao, tulichokubaliana ni kwamba ambaye intaneti yake imekufa siku ya mwisho ya muda wa rufaa anaruhusiwa kuingia ofisi yoyote ya mwenzake akatumia, bila malipo, bila kuulizwa kesi ni ya nani. Pia sampuli za nyaraka kwa Kiswahili, maana tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndio lugha ya mahakama lakini kompyuta zetu zimejaa sampuli za Kiingereza, kila mtu akaleta alizonazo kwenye flashi moja. Flashi ilikuwa na virusi, ndio maisha.

Kipindi ambacho sikukitegemea ni cha Ijumaa asubuhi. Tulikiita tu “ofisi ikibaki bila wewe”. Wakili wa ofisi ya mtu mmoja akifariki au akipata kiharusi leo, nini kinatokea? Mke anakuta kabati limejaa hati za viwanja vya watu asiowajua. Wateja wanakuja nyumbani kwenye matanga wanadai mafaili. Hela ya mteja iliyokuwa inasubiri mauzo ya nyumba yakamilike imechanganyika na ya marehemu kwenye akaunti moja na sasa ni mirathi. Rufaa zinapitwa na muda mtu yupo kaburini. Kila mmoja pale ndani alikuwa na jina la mtu anayemfahamu, na hakuna aliyelitaja. Yule mzee wetu ndiye aliyesema anachofanya yeye: daftari moja la karatasi, siyo kompyuta, lenye kila faili, hatua iliyofikia, tarehe inayofuata, hati gani ipo kabatini ni ya nani, na barua aliyomwandikia mwenzake mmoja anayemwamini na mwenzake akaisaini, kwamba likitokea lolote aingie ofisini siku hiyo hiyo awatafute wateja na kuomba ahirisho. Akaunti ya wateja mbali, ya ofisi mbali, ya nyumbani mbali, hilo sheria inataka tayari ila ukiwa peke yako unajidanganya kwamba unajua ipi ni ipi kichwani. Kabla ya saa sita watu walikuwa wanatafutana uani kama vijana wanaochagua timu, wewe nani wako, mimi na wewe basi. Nimesaini ya mtu wa Uvinza, na yeye ya kwangu.

Hakuna mgeni rasmi ambaye angekaa tukaongea hayo, ndo jibu langu.

Mahesabu yamefungwa, ilibaki hela kidogo ambayo ipo kwenye lipa namba ile ile na imebandikwa grupuni. Tabora wanataka mkutano ujao uwe kwao, wanasema wiki ya kwanza ya Desemba kabla likizo ya mahakama haijaanza tarehe 15, na wameahidi maembe na asali kana kwamba sisi tunahongeka, sawa tunahongeka. Mzee wa kamati kashaanza tena kuniambia kule Tabora ni mji wa heshima za kale, mgeni rasmi muhimu. Nimewaambia ukumbi na ratiba nitasaidia kwa simu, ila mweka hazina watafute wa kwao, na wamchague yule atakayeweza kuandika notisi.